Riwaya bora ya Kiswahili niliyosoma karibuni iliandikwa kwa Kiingereza

#1 KalamuYaNjoro
Wadau, hamjambo. Wengine humu mnanijua kama yule wa riwaya mbili zinazokaa dukani bila kusumbuliwa na mtu. Nimeulizwa sana nasoma nini siku hizi, basi nijibu hapa mara moja: someni *Peponi*. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise*. Imetolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2022. Ya Kiingereza ilitoka 1994.

Kisa kwa ufupi. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo huko Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukapoa. Kuna tajiri anaitwa Aziz, mtoto anamjua kama ami yake. Akipita na msafara wake hula kwao, na akiondoka humpa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa anasafiri na ami. Gari la moshi! Mtoto gani atakataa? Hakuna anayemwambia kwamba baba ana deni na yeye ndiye rehani.

Sisi waandishi wa huku tuna ugonjwa wa kueleza. Mhusika akilia tunaeleza analilia nini, mhusika mwenzake anaeleza tena, halafu mwalimu anakuja kueleza darasani. Gurnah anamwacha mtoto gizani, na wewe msomaji unajua mapema kidogo tu kuliko yeye, hapo ndipo kifua kinabana. Wazungu nao kwa kurasa nyingi ni uvumi: wanasemwa, wanaogopwa, wanatungiwa uongo. Lakini kila sura wamesogea. Mimi ningejaza kitabu kizima gavana na bendera. Kwa kweli nimekisoma kwa wivu.

Dai langu ni hilo la kichwa cha uzi. Hii ndiyo riwaya bora ya Kiswahili niliyosoma karibuni. Mwenye neno aseme.

#2 Omena_Kavu
Nimeweka kiti. Mkianza kupigana niamsheni.

#3 Mlango58
Kalamu, heshima yako, lakini dai halisimami. Mahindi yakilimwa Kitale yakasagwa Nakuru, hayo ni mahindi ya Kitale. Gurnah alichagua Kiingereza, akaandika Kiingereza, akachapishwa Uingereza. Aliyeandika Kiswahili ni mfasiri, na sifa za Kiswahili mpe yeye.

Halafu kitabu kilichopata Nobel kinahitaji upigaji debe wako? Si utupe jina la Mkenya mwenzako anayehangaika? Nakuru hii ndiyo iliyomzaa Binyavanga Wainaina, leo mwandishi wa Njoro anatutuma Dar es Salaam.

#4 MwalimuMstaafu_Kakamega
Salamu kwa wote. Nirekebishe moja kabla halijaota mizizi. Nobel haikupewa kitabu. Gurnah alituzwa 2021 kwa kazi zake zote. *Paradise* yenyewe ilifika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, wala haikushinda.

Kuhusu lugha: Grace Ogot aliandika *Miaha* kwa Kidholuo, 1983. Mimi sisomi Kidholuo, nikaipata kwa Kiingereza katika tafsiri ya Okoth Okombo. Sijasikia mtu akisema ile ni riwaya ya Waingereza.

#5 Mlango58
Asante kwa hilo la Nobel, Mwalimu. Lakini mfano wako umekuja upande wangu. Kama *Miaha* ilibaki ya Kidholuo baada ya kufasiriwa, basi *Paradise* nayo imebaki ya Kiingereza baada ya kufasiriwa. Ama vipi?

#6 Omena_Kavu
😂😂 Mwalimu amechapwa kwa kiboko chake mwenyewe. Nimeamka rasmi.

#7 MwalimuMstaafu_Kakamega
Cheka, lakini sijamaliza. Jiulizeni wahusika wanaongea lugha gani. Wale wa *Miaha* wanaongea Kidholuo, na tafsiri iliwatoa nyumbani kwao. Yusuf na Aziz wanaongea Kiswahili mle mle ndani ya Kiingereza cha Gurnah. Khalil, yule kijana wa dukani, anachanganya na Kiarabu. Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo mwandishi kule Zanzibar. Tafsiri hii imewarudisha watu kwao. Safari ya kwenda na safari ya kurudi si safari moja.

#8 DadaKibuye
Habari zenu. Mimi nauza nguo soko la Kibuye, Kisumu, nasoma wateja wakipungua. Ya Kiingereza niliazimwa na kaka yangu, nikaishia katikati, si kwa ugumu, nilihisi tu naangalia nyumba ya mtu kupitia dirishani. Ya Kiswahili niliimaliza. Kuna maneno ya kwao Unguja yalinishinda, namshukuru jirani yangu wa Mombasa anayeuza viatu. Alichoka na mimi.

Ila mnagombania lugha na mmeruka mtoto. Huyo Yusuf mimi namjua. Huku kwetu wasichana bado wanaletwa mjini na mtu anayeitwa anti. Mzazi alikopeshwa karo ya kaka mtu au pesa za matanga, basi binti anakuja "kusaidia kazi kidogo" na atasomeshwa. Anaingia matatu akiwa na furaha, amevaa viatu vipya. Nimeishi ploti moja na mmoja wao. Kila mara alikuwa akiniuliza kama namwona amerefuka, kwa sababu aliambiwa akirefuka atarudishwa shule. Nilipofika pale Khalil anapomwambia Yusuf kwamba Aziz si ami yake kamwe, nilifunga kitabu nikauza soksi.

#9 KalamuYaNjoro
Dada, post yako imeshinda ya kwangu.

#10 Bodaboda_Msomi
Mulembe. Mmenitia hamu. Tatizo hapa Bungoma duka la vitabu ni daftari, seti za jiometri na vitabu vya kiada. Mwenye PDF anirushie inboksi, Mungu atamzidishia.

#11 Omena_Kavu
Nilikuwa nahesabu tu itafika post ya ngapi.

#12 KalamuYaNjoro
PDF sina, na hata ningekuwa nayo singetoa. Ndugu yangu, wewe abiria akikwambia umpeleke Webuye bure kwa sababu Mungu atakuzidishia, utawasha pikipiki? Changu kililetwa na basi kutoka Nairobi, kuna duka lilikubali kuagiza Tanzania. Ilichukua muda lakini kilifika.

#13 Bodaboda_Msomi
Nimesikia. Lakini abiria wangu wanaona pikipiki imesimama steji. Hicho kitabu chako kimesimama wapi?

#14 MkutubiWaZamani
Hapo Bodaboda ana hoja, na mimi nilifanya kazi kati ya rafu miaka mingi, niseme ninavyoona. Duka la vitabu la mji mdogo halijawahi kuishi kwa riwaya. Liliishi kwa Januari. Wazazi walikuja na orodha za shule, mwenye duka akapata faida, na kwa hiyo faida akathubutu kuweka riwaya chache kwenye kona. Mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Kwa mzazi ilikuwa nafuu kubwa, sikatai. Kwa duka, Januari ikafa, na kona ya riwaya ikafa nayo. Ongeza VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwa vitabu na sheria ya 2013. Kitabu kikivuka mpaka kutoka Dar es Salaam na nauli juu, kinafika bei ambayo mtu anaanza kuihesabu kwa gorogoro za mahindi.

#15 Mlango58
Mkutubi, hiyo ya Januari nakubali nusu. Tembea mjini Nakuru jioni, uangalie wanaotandaza vitabu chini. Vya kutajirika vinanunuliwa. Vya ndoa vinanunuliwa. Biblia usiseme. VAT haichagui. Mtu anatoa pesa kwa kitabu cha kumwambia aamke saa kumi alfajiri awe milionea, halafu riwaya anaiona ghali. Shida ni kwamba tumefundishwa riwaya ni kitu cha mtihani, ukimaliza kidato cha nne unaitupa pamoja na soksi za shule.

#16 Kidato4
Naomba kuingilia, shikamooni. Sisi tunasoma Nguu za Jadi na mwalimu ametukataza kusoma riwaya nyingine hadi baada ya KCSE tusije tukachanganya wahusika. Kwa hivyo Mlango58 hajakosea. Lakini mimi nasoma usiku kwa simu ya mama. Si PDF, ni kisa cha huu uzi.

#17 Omena_Kavu
Kidato4 enda ulale.

#18 MwalimuMstaafu_Kakamega
Marahaba, mwanangu. Usilale kwanza, sikiliza hili. Mlango58 anasema mtihani unaua riwaya. Mbona *Siku Njema* ya Ken Walibora haikufa? Ilitoka 1996, ikatahiniwa, na waliotahiniwa nayo bado wanamtaja mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, kama binamu yao. Walibora alipofariki 2020 nilipigiwa simu na wanafunzi wa zamani ambao sikujua kama bado wanakumbuka nambari yangu. Mtihani uliwalazimisha kufungua ukurasa wa kwanza, kilichobaki kilifanywa na kitabu.

Na vitabu hivi viwili vinasomeka vizuri vikiandamana. Kongowea anatoka Tanga anakuja hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Yusuf ana baba anayemjua, na baba huyo huyo ndiye anayemtoa. Nisingeweza kuchagua kati yao.

#19 Mlango58
Angalau sasa tumepata jina la kwetu. Kalamu, umeona ilikuwa rahisi?

#20 KalamuYaNjoro
Rahisi kwa Mwalimu, hana riwaya sokoni. Mimi nikimtaja Mkenya aliye hai, kesho nina simu kutoka kwa wale watatu ambao sikuwataja. Nikimtaja rafiki, mtasema tunakunana migongo. Nikimtaja asiye rafiki, mtasema nataka anitaje. Gurnah hanijui, hanidai, wala hatakuja Njoro.

#21 DadaKibuye
Hicho ni kisingizio, kaka, kimevaa tai.

#22 MkutubiWaZamani
Waandishi hupendekeza kitabu ambacho wanajua hawawezi kushindana nacho. Cha mshindani wao husema "bado sijakifikia."

#23 BinamuWaMumias
Assalaam aleikum, mulembe mwa bosi. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa namalizia kitabu chenyewe, nilikiazima Kisumu kwa shemeji.

Nyote mnasoma safari ile mkiwa mgongoni kwa Aziz. Mimi nimeisoma nikiwa kijijini kwa Chatu. Msafara unaingia bara na vitambaa na shaba, unafika kwa mtawala anayeitwa Chatu, naye ananyang'anya mali yote. Msomaji wa mjini anasema: mshenzi. Sikilizeni sababu yake lakini. Kuna mfanyabiashara alipita kabla, Chatu akampa mali, yule mtu akatoweka bila kulipa. Chatu anafidia deni lake kwa mgeni anayefuata. Si ndivyo Aziz alivyofanya kwa baba wa Yusuf? Tofauti ni kwamba mmoja alichukua vitambaa na mwingine alichukua mtoto, na anayeitwa mstaarabu ni yule wa mtoto.

Sisi Wawanga wa Mumias tumesimuliwa misafara kutoka upande wa mwenyeji. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Nabongo, mfalme wetu, kabla ya Mzungu. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, alipofika Mumias 1883 alikuta njia yao imeshakanyagwa. Askofu Hannington naye alipitia hapo 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Uislamu wa Mumias una mizizi katika biashara hiyo. Babu wa babu yangu, kwa masimulizi ya nyumbani, alikuja na mzigo kichwani na hakurudi. Wengine katika ukoo wanasema hakurudi kwa sababu alioa, wengine wanasema alikuwa anadaiwa.

#24 Omena_Kavu
Nilijua Mumias watadai hata hii. Bado kidogo mtuambie Gurnah ni Mwanga.

#25 BinamuWaMumias
Omera, Kisumu yenu ilikuwa kinamasi hadi reli ifike 1901. Tulia ukaangwe.

#26 Nyanchwa_Juu
Binamu ameniharibia chai, nimecheka nikamwaga. Lakini ameacha jambo zito. Anayeirudisha mali ya Aziz ni nani? Ni Mjerumani anayetokea na askari wake, anasikiliza kesi, anaamuru. Wafanyabiashara wanashukuru, roho zimetulia. Hawaoni kwamba kuanzia siku hiyo kesi zote zitaamuliwa na yeye. Hakuna vita, hakuna mkataba, shauri la vitambaa tu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu kali kuliko zote.

#27 MamaLanet
Hamjambo wapendwa. Tuna kikundi cha akina mama hapa Lanet, tulianza kama chama cha kuweka akiba, sasa tunasoma pia. Tumegombana juu ya MWISHO wa kitabu na hatujapatana mpaka leo, mmoja amesema hatachangia mwezi huu. Msimamizi, naruhusiwa kuutaja?

#28 Msimamizi
Ruhusa. Ambaye hajasoma na anataka utamu, aachie hapa.

#29 Bodaboda_Msomi
Mimi nabaki. Kama kitabu hakiji Bungoma, acha mwisho wake uje.

#30 MamaLanet
Haya. Vita vinakaribia. Askari weusi wakiongozwa na Mjerumani wanapita wakikamata wanaume. Yusuf na Khalil wanajificha ndani, wananusurika. Msafara unaondoka. Kijana yuko salama! Kisha anatoka, anautazama, anaukimbilia awafuate wale wale waliokuja kukamata watu. Kitabu kimeisha. Kwa nini?

Mimi nasema ni Amina. Amempenda, na Amina ni mke mdogo wa Aziz, mwenyewe alitolewa kwa deni. Kijana hana cha kubakia. Mwekahazina wetu anasema hapana, ni ujinga wa ujana, vijana wanapenda sare. Hapo ndipo tulipoachana.

#31 Mlango58
Si mapenzi wala sare. Rudini sentensi za mwisho. Anasikia kitu kama makomeo yanafungwa nyuma yake, kule bustanini. Mlango umefungwa, mbele kuna jeshi. Mnamuuliza mtu kwa nini alipita njia iliyokuwa moja?

#32 DadaKibuye
Njia hazikuwa moja. Khalil alibaki. Khalil naye alikuwa rehani, baba yake alishakufa, angeweza kuondoka akachagua kukaa anauza duka la Aziz na kumwita bwana. Yusuf alimwangalia Khalil akaona sura yake mwenyewe baada ya miaka kumi. Alikimbia hiyo sura. Kama ingekuwa ni kundi la wavuvi limepita barabarani, angewakimbilia wavuvi.

#33 BinamuWaMumias
Dada umesema vizuri ila Khalil alibaki kwa ajili ya Amina, waliyelelewa naye kama dada. Usimhukumu haraka.

Kwangu ufunguo uko katika jina. Someni Surat Yusuf, sura ya 12. Kijana mzuri wa sura anauzwa, anaingia nyumba ya mkubwa, mke wa mkubwa anamtamani, kanzu inachanika kwa nyuma, na kuchanika kwa nyuma ndiko kunakomwondolea hatia. Yote yamo kitabuni. Zulekha, mke mkubwa wa Aziz, anaamini kijana huyu ataponya alama iliyo usoni mwake, na shati linachanika nyuma vile vile. Lakini Yusuf wa Qur'ani anatoka gerezani akapewa hazina ya nchi. Huyu wetu zama zake hazina hazina. Mlango pekee wa mtu mdogo kuwa mkubwa ulikuwa bunduki ya Mjerumani.

#34 MamaLanet
Sisi wa Mwanzo 39 tulimtambua pia, mke wa Potifa. Kule ni vazi lilibaki mkononi mwa mwanamke. Sikujua habari ya kuchanika nyuma. Asante, nitawapelekea Jumapili.

#35 Nyanchwa_Juu
Mnaenda mbali mbinguni. Rudini chini kidogo. Septemba 1914 Wajerumani walivuka wakaingia Kisii mjini kwetu, Waingereza wakaja wakapigana nao tarehe 12, Wajerumani wakaondoka. Baada ya hapo Waingereza walizoa wanaume wa Nyanza kwa maelfu kuwa wapagazi wa vita, wengi hawakurudi. Babu alisimulia kwamba kuna waliokamatwa na kuna waliofuata wenyewe, na hata wakati ule hakuna aliyeelewa kwa nini hao wa pili walifuata. Walisema ni chakula. Walisema ni kuona dunia. Mmoja alifuata kwa sababu alikuwa na kesi ya ng'ombe. Gurnah hajaeleza kwa sababu watu wenyewe hawakujieleza.

#36 Omena_Kavu
Kesi ya ng'ombe naielewa kuliko Amina.

#37 MkutubiWaZamani
Mnaoumizwa na mwisho huo, kuna *Afterlives* ya 2020, ya Gurnah huyo huyo. Kuna kijana Hamza, naye alitolewa na baba kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni, akatoroka akajiunga na jeshi la Wajerumani. Wasomaji wengi wanamwona kama Yusuf amebadilishwa jina. Mle utaona kilichompata jeshini, na alichokuwa akikitafuta kinaonekana zaidi.

#38 MwalimuMstaafu_Kakamega
Hapana, Mkutubi. Kitabu cha 1994 hakiwezi kujibiwa na cha 2020. Hamza ana jina lake na kitabu chake. Tukianza hivyo, Kongowea atakuwa mjukuu wa Chatu.

#39 Omena_Kavu
Hiyo nitaisoma.

#40 MamaLanet
Kalamu mbona umenyamaza? Wewe ndiye mwandishi. Ungekuwa wewe, ungemalizaje?

#41 KalamuYaNjoro
Ningeharibu, mama. Ningemweka Amina mlangoni analia.

Mimi jicho langu liko mahali ambapo hakuna aliyetaja, labda kwa sababu ya adabu. Askari wakishaondoka, Yusuf anapita walipopiga kambi, anakuta mbwa wanakula vinyesi walivyoacha. Anawatazama. Ni baada ya hapo ndipo anapokimbia. Mwandishi amemwonyesha kijana picha ya kutisha ya wanaokula mabaki ya wenye nguvu, na kijana badala ya kukimbilia mbali anakimbilia kwa wenye nguvu. Je, alikuwa anakwepa kuwa mbwa, au ndiyo kwanza anakubali kuwa? Macho yanamwasha akikimbia. Nikiisoma asubuhi naona anakwepa, usiku naona amekubali.

#42 Mlango58
Jibu la mwanasiasa hilo.

#43 KalamuYaNjoro
Ningekuwa mwanasiasa vitabu vyangu vingenunuliwa.

#44 Bodaboda_Msomi
Sasa nimejua mwisho na bado nakitaka. Nimeongea na dereva wa basi la Nairobi, ni mteja wangu. Kalamu, jina la lile duka nitumie inboksi. Na nilikuwa nataka kuuliza: mbona Wazungu mle ni Wajerumani na sisi huku tulitawaliwa na Waingereza, si kitabu kinahusu Tanzania basi?

#45 Nyanchwa_Juu
Kinahusu Tanganyika ya Wajerumani, ndiyo. Lakini mpaka wenyewe ulikuwa mstari kwenye karatasi. Wa Isebania, pale mpakani, wanakula pande zote mbili.

#46 Kidato4
Sijalala. Swali la mwisho halafu nazima simu ya mama. Huyu Aziz ni mhusika mbaya au mzuri? Maana mmemsema sana lakini hampigi Yusuf, hapazi sauti, ananukia manukato, hata anampeleka safari. Mwalimu wetu angetaka tuandike upande mmoja.

#47 MwalimuMstaafu_Kakamega
Andika pande zote mbili kisha utoe mifano. Alama zako zitapatikana.

#48 MamaLanet
Mbaya. Upole wake ndio ubaya wenyewe.

#49 BinamuWaMumias
Ni mfanyabiashara. Naye ana wadai wake huko pwani, safari ya Chatu ilimrudisha na hasara. Deni lina ngazi, yeye yuko ngazi ya katikati.

#50 DadaKibuye
Kwenye soko letu yuko mmoja. Anakukopesha asubuhi bila kuandika popote, anakuuliza hali ya watoto kwa majina. Ukishindwa kulipa hafoki. Anakuja na kiti chake anakaa kibandani mwako, anaanza kupokea wateja pamoja nawe, anawatania, wanampenda. Baada ya miezi kadhaa wateja wanamuuliza yeye bei. Nimemwona akifanya hivyo kwa vibanda viwili. Kidato4, huyo mtu mazishi yoyote pale Kibuye anachanga kuliko sisi wote, sasa wewe niambie tumwandike wapi.